Haki Haiombwi kama Sadaka: Akili, Imani na Uhuru wa Dhamiri nchini Ufaransa, 1685–1802

Kengele ya Jumapili inapolia, msharika hahitaji barua ya mkuu wa wilaya ili aende ibadani. Bwana na bibi harusi wakibarikiwa kanisani, serikali inaitambua ndoa yao, na siku wakifariki watoto wao watarithi nyumba na shamba bila mtu kuwaita wana wa haramu. Tumeyazoea mambo haya hata tunayaona kama mvua na jua, kana kwamba yalikuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Lakini yana historia yake, na historia hiyo imejaa machozi ya watu waliosoma Biblia kama sisi. Katika insha hii tutaitazama nchi moja, Ufaransa, na kanisa moja dogo lililokuwa ndani yake. Tutaona jinsi mawazo ya wanafalsafa kuhusu akili na haki yalivyobadili sheria, mahakama na serikali, na jinsi watu wale wale waliotangaza haki walivyokuja kuzikanyaga. Swali linalotuongoza ni moja: je, uhuru wa kumwabudu Mungu ni hisani anayoitoa mtawala, au ni haki ya mtu? Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wafaransa walihitaji zaidi ya miaka mia moja kulielewa jambo hilo, na wengi walikufa kabla ya kuliona.

Amri iliyoitwa ya milele

Mwaka 1598, baada ya vita vya dini vilivyodumu zaidi ya miaka thelathini, Mfalme Henri IV alitoa Amri ya Nantes. Waprotestanti wa Ufaransa, walioitwa Wahugenoti, waliruhusiwa kusali katika maeneo yaliyotajwa na kushika kazi za serikali. Amri yenyewe ilisema kuwa ni ya milele na haitatenguliwa.

Aliyeitengua ni mjukuu wake, Louis XIV. Siku zile watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ufalme hauwezi kusimama ukiwa na imani mbili, kama vile nyumba haiwezi kuwa na baba wawili. Kuanzia mwaka 1681 askari wa farasi walipelekwa kukaa katika nyumba za Wahugenoti, wakila chakula chao na kuwatesa mpaka wakubali kubadili dini. Kisha, Oktoba 1685, mfalme alitia saini amri mpya huko Fontainebleau. Makanisa ya Kiprotestanti yabomolewe. Wachungaji waondoke nchini ndani ya siku kumi na tano. Watoto wabatizwe na padri wa parokia. Washarika wa kawaida walikatazwa kuondoka. Mwanamume aliyekamatwa akitoroka alifungwa kwenye merikebu za mfalme, avute makasia huku amefungwa minyororo.

Pamoja na hayo, watu kati ya 150,000 na 200,000, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, walitoroka. Walikwenda Geneva, Amsterdam, London na Berlin. Kundi dogo lilifika hata barani kwetu, huko Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1688, na majina yao ya ukoo yapo Afrika Kusini hadi leo.

Tusiisome habari hii kama hukumu juu ya kanisa moja tu. Geneva ya Waprotestanti ilimchoma moto Michael Servetus mwaka 1553 kwa sababu ya mafundisho yake. Uingereza ya Waprotestanti iliwafungia Wakatoliki mlango wa bunge hadi mwaka 1829. Ugonjwa ulikuwa wa wote: kila aliyeshika upanga aliamini kwamba Mungu amemkabidhi upanga huo ailinde kweli.

Katika habari ya Nantes kuna jambo moja la kukumbuka. Kilichotolewa kwa saini ya mfalme mmoja kiliondolewa kwa saini ya mfalme mwingine. Wahugenoti walikuwa wamepewa zawadi, na aliyepewa zawadi hana pa kwenda kushtaki siku mtoaji anapoirudisha mfukoni.

Kanisa la Jangwani

Waliobaki walikutana kwa siri. Mwezi Agosti 1715, siku chache kabla Louis XIV hajafariki, kijana aliyeitwa Antoine Court, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi, aliwakusanya wahubiri wachache wa kusini mwa nchi wakafanya sinodi ya kwanza tangu kanisa livunjwe. Kanisa lao wakaliita Kanisa la Jangwani, wakikumbuka safari ya Waisraeli. Walisali mapangoni, mabondeni na kwenye machimbo ya mawe. Mimbari zao zilikuwa za kukunjwa, ili askari wakija zibebwe na kufichwa.

Bei ya ibada hizo ilikuwa kubwa. Mchungaji aliyekamatwa alinyongwa. Wanaume walipelekwa kwenye makasia. Wanawake wengi walifungwa katika Mnara wa Constance, mjini Aigues-Mortes. Mmoja wao, Marie Durand, aliingia mnarani mwaka 1730 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi. Kaka yake alikuwa mchungaji, naye alinyongwa mwaka 1732. Marie angeweza kutoka siku yoyote kama angekubali kuikana imani yake. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38. Wageni wanaoutembelea mnara huo huonyeshwa neno moja lililochongwa kwenye jiwe, ambalo kwa mapokeo huhusishwa naye. Maana yake ni: kataeni, simameni imara.

Mateso ya namna hii huonekana kwa macho. Yalikuwapo mengine ya kimyakimya, ya kwenye makaratasi. Katika Ufaransa ya wakati ule, vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo viliandikwa na padri wa parokia, na hapakuwa na vitabu vingine. Waliofungishwa ndoa na mchungaji wa Jangwani, mbele ya sheria hawakuwa mume na mke. Watoto wao walihesabiwa kuwa wa haramu, na ndugu mwenye tamaa angeweza kwenda mahakamani kuwanyang'anya urithi. Kazi nyingi zilidai cheti cha padri kwamba mwombaji ni Mkatoliki. Maelfu kwa maelfu ya watu waliishi, walilipa kodi na kuzeeka katika nchi ambayo kisheria haikuwatambua.

Waliouliza maswali

Karne ya 18 huitwa Zama za Mwangaza. Wengi wetu tukilisikia jina hilo hudhani ni habari ya watu waliomkataa Mungu. Wapo waliomkataa. Hata hivyo, hoja za uhuru wa dhamiri zilianza kuandikwa na watu waliokuwa na Biblia mezani na kilio cha Wahugenoti masikioni.

Wa kwanza ni Pierre Bayle, mtoto wa mchungaji, aliyekimbilia Rotterdam. Novemba 1685 kaka yake Jacob, naye mchungaji, alifia gerezani mjini Bordeaux. Mwaka uliofuata Bayle alianza kuchapisha kitabu kuhusu neno moja tu la Injili. Katika Luka 14, mwenye karamu anamtuma mtumwa wake awashurutishe watu waingie. Viongozi wa kanisa la Ufaransa walilitumia neno hilo kutetea kazi ya askari, wakirejea maandishi ya Augustino wa Hippo, aliyelitumia zamani dhidi ya Wadonati wa Afrika Kaskazini. Bayle alijibu kwa hoja nyepesi kuelewa, ngumu kuipinga: tafsiri yoyote ya Maandiko inayomwamuru mtu kutenda uovu ulio wazi, kama kumpiga jirani na kumpora mtoto wake, ni tafsiri ya uongo. Mungu aliyetupa Neno ndiye aliyetupa na akili. Hawezi kuamuru kwa mkono mmoja analolikataza kwa mwingine. Tena akauliza: kila kanisa likijiona lina kweli, na kweli ikipewa ruhusa ya kupiga, nani atabaki bila kupigwa?

Wa pili ni John Locke, Mwingereza. Alikuwa ameishi Montpellier, kusini mwa Ufaransa, katika miaka ya 1670, akawaona Waprotestanti wakibanwa polepole. Baadaye yeye mwenyewe alikimbilia Uholanzi kwa sababu za kisiasa, na huko, karibu na wakati ule ule wa amri ya Fontainebleau, aliandika Barua kuhusu Uvumilivu, iliyochapishwa mwaka 1689. Kazi ya serikali, alisema, ni kulinda maisha, uhuru na mali za watu. Wokovu wa roho haukukabidhiwa kwake. Upanga unaweza kuulazimisha mdomo useme. Hauwezi kuufanya moyo uamini, na imani isiyotoka moyoni haimpendezi Mungu. Katika maandishi yake mengine alifundisha kwamba watu wana haki kabla hawajawa na serikali, na kwamba serikali huundwa kwa ridhaa yao ili izilinde haki hizo. Hata hivyo Locke naye alikuwa na kikomo: uvumilivu wake haukuwafikia wasioamini kuwa kuna Mungu, na kwa Wakatoliki aliweka masharti yaliyowaacha nje.

Wa tatu ni Montesquieu, jaji Mkatoliki ambaye mke wake alikuwa Mprotestanti. Kitabu chake Roho ya Sheria, cha mwaka 1748, kilieleza kwamba mamlaka ya kutunga sheria, ya kuitekeleza na ya kuhukumu yakishikwa na mkono mmoja, uhuru umekwisha. Wazo hilo limeingia katika katiba nyingi duniani: bunge, serikali na mahakama ni mihimili inayochungana.

Mzee wa duka la vitambaa

Vitabu peke yake havikuitikisa Ufaransa. Kilichoitikisa ni kifo cha mzee mmoja.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1761, mjini Toulouse, familia ya Jean Calas ilikuwa inakula chakula cha jioni ghorofani, juu ya duka lao la vitambaa, pamoja na mgeni mmoja. Mtoto wao wa kwanza, Marc-Antoine, aliondoka mezani mapema. Alikuwa amesoma sheria, lakini hakuweza kuwa wakili kwa kukosa kile cheti cha padri. Mgeni aliposhuka kwenda zake, walimkuta Marc-Antoine dukani, amekufa.

Kilio kikavuta watu. Katika giza la barabarani mtu akapaza sauti kwamba Wahugenoti wamemuua kijana wao kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki. Aliyesema hivyo hakuwa na ushahidi wowote, lakini kabla ya asubuhi mji mzima ulikuwa umeamini. Wazazi nao walijiponza: kwanza walisema wamemkuta sakafuni, baadaye wakasema alikuwa amejinyonga. Walificha kwa sababu sheria iliamuru maiti ya aliyejiua iburutwe barabarani kwa aibu. Marc-Antoine akazikwa kwa heshima ya shahidi wa imani ya Kikatoliki, kabla mahakama haijathibitisha lolote.

Ndani ya nyumba ile palikuwa na mtumishi Mkatoliki, Jeanne Viguière. Miaka ya nyuma alikuwa amemsaidia mtoto mwingine wa Calas kubadili dini, na bado mwajiri wake hakumfukuza. Alishuhudia kwamba familia haina hatia. Akili ya kawaida pia ilikuwa na la kusema: mzee wa zaidi ya miaka sitini atamnyongaje kijana mwenye nguvu bila purukushani? Lakini kesi ilisikilizwa milango ikiwa imefungwa, mshtakiwa akiwa hana wakili wa kumsemea mle ndani. Tena mahakama za wakati ule zilijumlisha ushahidi kwa vipande. Uvumi huu ulihesabiwa robo ya uthibitisho na ule sehemu ya nane, mpaka hesabu itimie.

Tarehe 9 Machi 1762, majaji 8 kati ya 13 waliamua Calas auawe. Kesho yake aliteswa ili awataje wenzake, akavunjwa mifupa juu ya gurudumu mbele ya umati, akanyongwa, mwili wake ukachomwa. Hadi pumzi ya mwisho alisema hana hatia. Wiki tatu kabla, katika mji huo huo, mchungaji François Rochette alikuwa amenyongwa kwa kosa la kuwa mchungaji.

Habari zilimfikia Voltaire, mwandishi aliyeishi Ferney karibu na Geneva. Voltaire aliamini kuna Mungu Muumba, lakini aliyakejeli mafundisho ya makanisa yote, la Calas likiwamo. Mwanzoni hakujua amwamini nani. Akamwita kijana mmoja wa marehemu aliyekuwa Geneva, akamhoji, akatafuta nyaraka, akapima maelezo. Aliporidhika kwamba mzee ameonewa, aliandika barua kwa mawaziri na watu wakubwa wa Ulaya, akatafuta mawakili, akamsaidia mjane afike Paris, na mwaka 1763 akatoa kitabu chake kuhusu uvumilivu. Tarehe 9 Machi 1765, miaka mitatu kamili baada ya hukumu, majaji wa Paris walitamka kwa kauli moja kwamba Jean Calas hakuwa na hatia.

Wapo Wakristo wanaoona vigumu kumshukuru mtu kama Voltaire. Tukumbuke habari ya Koreshi katika Isaya 45. Mfalme yule hakumjua Bwana, na bado Bwana alimtumia kuwafungulia watu wake mlango. Aliyesimama na mjane wa Calas siku ile alikuwa mdhihaki wa makanisa, wakati wengi wenye rozari na wengi wenye Biblia walikaa kimya. Jambo hilo linatuhukumu sisi kuliko linavyomsifu yeye.

Baada ya kesi hiyo watu walianza kuuliza juu ya mahakama zenyewe. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano alichapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu, akionyesha kwamba mateso hayampati mkosaji; humpata mwenye mwili dhaifu, awe na hatia au asiwe nayo. Mwaka 1780 Mfalme Louis XVI alifuta mateso yaliyotumika kumlazimisha mshtakiwa akiri, na mwaka 1788 akafuta yale ya kabla ya kuuawa.

Kutoka hisani hadi haki

Sasa tumtazame mchungaji mmoja na mwanawe. Paul Rabaut aliliongoza Kanisa la Jangwani eneo la Nîmes kwa miaka mingi akiwa mtu anayewindwa. Dau liliwekwa juu ya kichwa chake, akabadili majina na mahali pa kulala. Mwanawe Jean-Paul, aliyejulikana kama Rabaut Saint-Étienne, alisomea uchungaji Lausanne, akarudi kuhubiri katika hatari ile ile.

Katika miaka ya 1780 kijana huyu alikwenda Paris kuzungumza na wenye madaraka. Alimkuta Malesherbes, mwanasheria Mkatoliki aliyekuwa ameandika kutetea ndoa za Waprotestanti. Matunda yake ni amri ya Novemba 1787: Waprotestanti wakaruhusiwa kuandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo mbele ya hakimu. Wazee walioishi pamoja miaka mingi walikwenda kuandikisha ndoa zao, ili watoto wao wawe halali. Tuwaze furaha yao. Lakini ibada ya hadhara ilibaki marufuku, na kazi za serikali vilevile. Ilikuwa zawadi nyingine ya mfalme, kama ile ya 1598.

Mwaka 1789 mapinduzi yalianza, na Rabaut Saint-Étienne akawa mbunge wa eneo lake. Mwezi Agosti, Bunge la Taifa lilipojadili Tamko la Haki za Binadamu na Raia, alisimama kuzungumzia dini. Alilikataa neno uvumilivu. Uvumilivu, alieleza, ni neno linalomfanya mtu aonekane mkosaji anayesamehewa, naye hakuja kuomba msamaha. Alidai uhuru, na alidai uwe mmoja kwa wote. Hakuishia kwa Waprotestanti: aliwadai haki hiyo hiyo Wayahudi, watu ambao hakuna kura iliyotegemea wema wao.

Ibara ya 10 ya Tamko, lililopitishwa tarehe 26 Agosti, ilisema mtu asisumbuliwe kwa maoni yake, hata yale ya kidini, mradi asivuruge utaratibu uliowekwa na sheria. Rabaut alitaka maneno mapana zaidi. Hata hivyo, msingi ulikuwa umebadilika. Tamko lilisema watu huzaliwa huru na sawa katika haki. Kazi ya serikali ni kuzilinda, na haiwezi kujidai kuwa ndiyo inayozigawa. Tarehe 24 Desemba 1789 Waprotestanti walifunguliwa kazi zote za umma. Machi 1790 Rabaut Saint-Étienne akachaguliwa kuwa rais wa Bunge kwa muda wake wa zamu, na inasimuliwa kwamba alimwandikia baba yake kuwa rais wa Bunge la Taifa yuko miguuni pake. Septemba 1791 Wayahudi wote wakapata uraia. Na mwaka 1792 Paul Rabaut, mzee aliyehubiri mapangoni maisha yake yote, aliomba dua katika kanisa lenye paa mjini Nîmes.

Akili ilipowekwa madhabahuni

Tungependa habari iishie hapo. Haikuishia.

Mwaka 1790 Bunge liliigeuza Kanisa Katoliki kuwa kama idara ya serikali, na mapadri wakatakiwa kula kiapo. Waliokataa kwa ajili ya dhamiri wakawa maadui. Septemba 1792 umati uliingia magerezani Paris ukaua watu zaidi ya elfu moja, wakiwamo mapadri zaidi ya 200. Katika majira ya baridi ya 1793 makanisa yalifungwa, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Tarehe 10 Novemba 1793, ndani ya kanisa kuu la Notre-Dame, ilifanyika sikukuu ya Akili, na mwanamke wa jukwaani akaketishwa mahali pa heshima.

Hapa tuangalie kwa makini. Bayle na Locke waliitumia akili kama taa: kumulika, kuuliza, kuwawekea wenye nguvu mpaka. Viongozi wa 1793 waliifanya kuwa bwana. Walidai kwamba wao ndio sauti ya umma, na umma hauwezi kukosea. Kwa hiyo aliyewapinga alikuwa adui wa watu wote. Mgawanyo wa madaraka aliouhimiza Montesquieu ukawekwa kando. Tarehe 10 Juni 1794 sheria iliwanyima watuhumiwa wa mahakama ya mapinduzi haki ya kuwa na wakili. Chumba kile kilichofungwa cha Toulouse, alimohukumiwa Calas, kikarudi, safari hii kwa jina la uhuru. Watu wapatao 17,000 waliuawa kwa hukumu katika Utawala wa Hofu.

Rabaut Saint-Étienne alikuwa amepinga Bunge kujifanya mahakama ya kumhukumu mfalme. Aliwindwa kama baba yake alivyowindwa, akakamatwa, na tarehe 5 Desemba 1793 akakatwa kichwa kwa gilotini. Malesherbes, yule Mkatoliki mtetezi wa ndoa za Waprotestanti, aliuawa Aprili 1794. Mzee Paul Rabaut, ambaye wafalme wawili walishindwa kumkamata, alitiwa gerezani na jamhuri. Alifunguliwa baada ya Robespierre kuanguka, akafariki Septemba mwaka huo huo.

Wapo pia walioachwa nje tangu mwanzo. Tamko la 1789 halikuwafungua watumwa wa Kiafrika katika koloni la Saint-Domingue. Walijifungua wenyewe kwa uasi ulioanza Agosti 1791, na Februari 1794 bunge la Paris likatangaza mwisho wa utumwa. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha kwa sheria. Mwaka huo huo wa 1802 makanisa ya Kiprotestanti yalitambuliwa rasmi na serikali yake, na wachungaji wakaanza kulipwa mshahara. Bila shaka wengi walimshukuru Mungu siku ile kwa uhuru wao, wakati ng'ambo ya bahari mtoto wa Afrika alikuwa anafungwa tena mnyororo. Saint-Domingue haikukubali, ilijitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804 kwa jina la Haiti.

Kwetu sisi

Mawazo haya yalitufikia. Tarehe 10 Desemba 1948, katika mji ule ule wa Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo ibara yake ya 18 inahusu uhuru wa dhamiri na dini. Katiba ya Tanzania iliongezewa haki za binadamu mwaka 1984, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni ibara ya 32. Tunaposali bila barua ya ruhusa, tunakula matunda ya mti uliopandwa na Bayle, mjane wa Calas, Marie Durand na wengine wengi ambao majina yao hatuyajui.

Tujifunze nini basi? Kwanza, haki haiombwi kama sadaka. Wanafalsafa walisema mtu huzaliwa nayo. Sisi tunaungama zaidi: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27), na aliyetiwa muhuri wa Muumba hapaswi kudhalilishwa na mkono wowote. Ndiyo maana Mkristo anapotetea haki hajiingizi katika mambo ya dunia. Anaitetea kazi ya mikono ya Baba yake.

Pili, tamko zuri halijilindi lenyewe. Mwaka 1793 maneno yalikuwa yale yale ya 1789. Kilichokosekana ni mahakama isiyoogopa, wakili wa mtuhumiwa, na watu tayari kusema kwamba hata wenye nguvu wanaweza kukosea. Sisi tunaoamini kwamba wote wametenda dhambi (Warumi 3:23) tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wote.

Tatu, kipimo cha haki ni yule tusiyemhitaji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ni rahisi kudai uhuru tukiwa wachache na kuusahau tukiwa wengi. Kuna familia ya dini nyingine mtaani ambayo sote tupo dhidi yake. Kuna kikundi kidogo cha maombi ambacho tungefurahi kuona serikali imekifunga. Kuna bibi kizee ambaye sauti moja gizani imemwita mchawi, na mji mzima umeshaamini kabla ya asubuhi. Hapo ndipo itajulikana kama tulielewa kilichompata Jean Calas.

Bwana wetu alitufundisha kuwatendea wengine yale tunayotaka tutendewe (Mathayo 7:12). Rabaut Saint-Étienne aliishi agizo hilo bungeni alipomdai Myahudi haki aliyoidai kwa ajili ya kanisa lake. Jumapili ijayo kengele itakapolia nasi tukaenda bila kuomba ruhusa ya mtu, tuwaombee walio bado na Kanisa la Jangwani katika nchi zao. Na Jumatatu, jirani atakapoonewa, tusikae kimya tukingoja mtu wa Ferney aje kufanya kazi yetu.